Kasi ya kwenye picha: Jioni na klabu za magari Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

Jua la Dar es Salaam halizami baharini. Huko linachomoza, alfajiri, wenye magari wakiwa bado wamelala. Jioni linashukia upande wa bara, nyuma ya Kimara na Pugu. Mpiga picha wa magari huanza na jambo hilo kabla hata hajauliza ni magari gani yanakuja. Akitaka bahari iwe nyuma ya gari, ufukwe wa Coco, Oysterbay, unampa mwanga unaotoka mgongoni kwake na kupiga ubavu wa gari moja kwa moja. Rangi inaonekana yote, pamoja na mikwaruzo yake. Akitaka jua lenyewe liingie kwenye picha, inabidi avuke Daraja la Nyerere aende Kigamboni, ageuze kamera magharibi, ng'ambo ya maji, ambako majengo pacha yaliyojengwa na PSPF na lile la Mamlaka ya Bandari hugeuka vivuli vyeusi mbele ya anga jekundu. Huko rangi ya gari haina kazi. Kinachoonekana ni umbo: paa, spoila, na gari limeshushwa kiasi gani.

Ndiyo maana ubishi wa "twende wapi" hauishi kwenye makundi ya klabu za magari. Aliyetoka kupiga rangi anataka Oysterbay. Aliyefunga springi fupi anataka Kigamboni.

Klabu hizi ziko nyingi mjini. Iliyo ya kawaida ni kundi la WhatsApp lenye viongozi wawili watatu, mweka hazina, na stika ya kubandika kioo cha nyuma. Zipo za Mark X, za Crown, za Subaru, za Altezza, za BMW. Mwanachama akifiwa, wenzake wanachanga. Akioa, magari yao ndiyo msafara wa bwana harusi, tena yanakuja yameshaoshwa. Lakini kinachowavuta wanachama wapya ni shughuli ya jioni za mwisho wa wiki: kukutana kituo cha mafuta, kutoka pamoja kwa mstari, kupiga picha, kula, kutawanyika.

Mtaani shughuli hiyo haina sifa nzuri. Watu wakiona mikoko 20 imeongozana Barabara ya Bagamoyo wanajua yanakuja mashindano, na mara nyingine hawakosei. Hata hivyo, jioni iliyopangwa na watu wanaojua kazi yao ina kichekesho ndani yake. Kila kinachofanyika kimekusudiwa kuyafanya magari yaonekane yanakimbia, na picha ya namna hiyo haipatikani mpaka yaende polepole.

Dada wa Kijapani

Washa Mark X iliyoingia nchini bila kubadilishwa kitu, na kabla ya chochote utamsikia dada wa Kijapani akizungumza kutoka kwenye dashibodi. Wenye magari wamemzoea kiasi kwamba hawamsikii tena. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, mfumo ulioanza kutumika huko mwaka 2001. Redio nayo inagoma kupita 90, kwa kuwa kwa miaka mingi FM ya Japani ilikuwa kati ya 76 na 90, na hapo fundi redio wa Kariakoo anapata riziki kwa kufunga kifaa cha kuongeza masafa. Mshale wa spidi unaishia 180. Watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kuyafunga magari ya soko la ndani yasizidi kasi hiyo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004 wakakubaliana pia wasitangaze injini yenye nguvu za farasi zaidi ya 280.

Magari hayo yanatufikia kwa sababu zinazoeleweka. Japani, gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi una gharama, na gari linavyozeeka gharama ya kulipitisha inapanda, hivyo wengi huliuza mnadani likiwa bado zima. Usukani uko kulia kama wetu. Kenya imeweka kikomo cha umri wa miaka minane kwa gari linaloingizwa. Tanzania haikatazi gari kuukuu, inaliongezea ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo Altezza, ambayo Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2005, bado inaweza kushushwa bandari ya Dar es Salaam, wakati Mombasa ilishafungiwa mlango.

Moja ya sehemu ambako meli hupakia magari kuja huku ni gati la Daikoku, Yokohama. Kwenye kisiwa hichohicho cha bandari, katikati ya barabara za juu zinazojizungusha kuelekea Daraja la Yokohama Bay, kuna eneo la kupumzikia madereva ambalo wapenzi wa magari wa dunia nzima wanalijua. Daraja hilo lenye urefu wa mita 860 lilifunguliwa mwaka 1989. Maegesho hayo huingiwa kwa gari kutoka barabara ya kulipia. Hakuna anayefika pale akikatiza tu mtaani. Usiku wa mwisho wa wiki madereva hupaki, hufungua boneti, huzunguka wakitazama magari ya wenzao na kupiga picha. Makelele yakizidi au watu wakifurika, polisi hutangaza kwa vipaza sauti kwamba eneo linafungwa, na wote huondoka.

Kijana wa Tegeta anayepanga gari lake kwenye mstari pale Coco anaendeleza desturi ambayo huenda gari lenyewe liliijua kabla ya kupanda meli. Desturi hiyo ina masharti, na sharti la kwanza ni la barabarani.

Mita 600 za msafara

Hesabu ya msafara haihitaji kikokotoo, ila ni wachache wanaoifanya. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kikomo cha maeneo ya makazi, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Nafasi salama ya sekunde mbili kutoka gari la mbele ni mita 28. Ongeza urefu wa gari lenyewe, karibu mita tano, unapata mita 33. Magari 20 yaliyoachiana nafasi hiyo ni msafara wa zaidi ya mita 600. Hakuna taa, iwe Mwenge au Morocco, itakayoupitisha wote kwa kijani moja.

Hatari inaanzia hapo. Magari saba yanapita, nyekundu inawaka, 13 yanabaki. Taa ikiruhusu, wa nane anakanyaga mafuta awawahi wenzake, wa tisa anakanyaga zaidi, na kadiri unavyorudi nyuma ndivyo mwendo unavyopanda. Hata pasipo taa mambo ni yaleyale. Kila dereva huitikia mwendo wa aliye mbele yake kwa kuchelewa kidogo, kuchelewa huko kunajumlika, na kiongozi anayeapa kwamba hakuzidi 50 anakuwa amemsukuma wa mwisho hadi 80 akiziba pengo. Ikipigwa tochi ya trafiki, anayeandikiwa faini ni huyo wa mwisho, si aliyeuanzisha mchezo.

Klabu zenye uzoefu huukata msafara vipande vya magari matano matano. Kila kipande kina kiongozi anayeijua njia na kituo cha kusubiriana, kwa hiyo taa ikiwatenganisha hakuna anayekimbizana na mtu. Kipande cha mwisho hufungwa na dereva mtulivu kuliko wote, mwenye kamba ya kuvutia, nyaya za kuamshia betri na kisanduku cha huduma ya kwanza kwenye buti. Mawasiliano hupita kwenye redio koli iliyo mkononi mwa abiria, kamwe si mwa dereva. Maneno yenyewe ni mafupi: "Kaka wa tatu, punguza." "Bodaboda kushoto, mwachie." "Wa nyuma, tunakusubiri Morocco."

Kuna mazoea mawili ya misafara ya harusi ambayo hapa hayatakiwi. La kwanza ni kuwasha hazadi mkiwa mwendoni. Indiketa zote zikiwaka, aliye nyuma hawezi kujua unakata kulia au kushoto. La pili ni gari moja kuziba makutano ili mengine yapite. Kuzuia magari ya watu ni kazi ya trafiki, na mwenye haraka ya kumpeleka mgonjwa hospitali hajui kwamba nyinyi mnawahi picha.

Sehemu moja ya kumi ya mzunguko

Picha inayopendwa kuliko zote ni ya gari likiwa mwendoni: lami imegeuka mistari, rimu zimeyeyuka, bodi imebaki safi. Hupigwa kutoka gari jingine linalotangulia kidogo kwenye njia ya pembeni, mpiga picha akiwa kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa, mkanda umefungwa, kamera imezungushiwa kamba mkononi.

Siri iko kwenye shata, pazia la kamera linaloamua mwanga uingie kwa muda gani. Tuseme limewekwa 1/60 ya sekunde. Gari linalokwenda 40 kwa saa, kwa muda huo, linasogea sentimita 18 na ushee. Mzingo wa gurudumu la saluni ni karibu mita mbili, kwa hiyo rimu inazunguka karibu sehemu moja ya kumi ya duara. Hiyo inatosha kabisa. Spoki zinapotea, na mikanju ya kando ya barabara inavutika kuwa michirizi ya kijani. Bodi ya gari inabaki kali kwa sababu kamera inakwenda nayo sambamba.

Sasa weka shata 1/1000. Gari lilelile linasogea sentimita moja hivi. Spoki zote zinahesabika, mikanju imesimama, gari linaonekana limeegeshwa. Hata likiwa kwenye 160, rimu haimalizi sentimita tano za mzunguko, na anayeitazama picha haoni haraka yoyote.

Kinachoonekana kuwa kasi, basi, ni muda wa shata na utulivu wa magari mawili. Ukiongeza mwendo unaiharibu picha: upepo unatikisa mkono, kila kiraka cha lami kinarusha kamera, na bodi iliyotakiwa kuwa kali inatoka na ukungu. Dereva anayegombaniwa na wapiga picha ni yule anayeweza kushika 40 kwa nusu kilomita bila mshale kupanda wala kushuka. Ni ujuzi mgumu kuliko kukanyaga mafuta, na wengi wanaugundua siku wanapoombwa kuufanya.

Magari mawili yakienda sambamba kwa 40 yanajaza barabara, kwa hiyo picha hizi haziwezi kupigwa jioni ya foleni. Hupigwa kwenye barabara tulivu yenye njia mbili kila upande, mapema, kabla ya msafara kukusanyika. Na ikihitajika barabara ya umma ifungwe, kibali hutafutwa kwanza. Anayening'inia dirishani au kukaa kwenye buti lililo wazi anahatarisha maisha yake kwa picha ambayo lenzi pana ingempatia akiwa amekaa kitini. Na kwa asiye na gari la kupigia, ipo njia ya zamani iliyo salama: simama pembeni, mbali na lami, lifuate gari kwa kamera linapopita, na ubonyeze bila kuusimamisha mkono. Picha nyingi zitaharibika. Itakayopona itafaa kuwekwa ukutani.

Dakika 22

Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini ya Ikweta, na huku jua hushuka karibu wima. Mwaka mzima huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi, na tangu linapozama hadi giza la kuhitaji taa ni kama dakika 22. London, mwezi Juni, mpiga picha ana zaidi ya mara mbili ya muda huo. Magari 20 kwa dakika 22 ni gari moja kwa kila dakika, na dakika hiyo haina nafasi ya mtu kurudi nyuma na kupaki upya mara nne.

Kwa hiyo kila kitu hupangwa jua likingali juu. Kufikia saa 11:30 magari yameshapaki kwa mshazari, matairi ya mbele yamekatwa upande mmoja ili rimu zionekane, matambara yamepita kwenye vioo, chupa za maji zimetolewa juu ya dashibodi. Kuanzia hapo gari halisogei. Anayetembea ni mpiga picha.

Rangi nazo zina tabia zake. Nyeupe ya lulu, ambayo wauzaji wa magari ya Japani wanaisifia kila siku, mchana huungua na kuwa bapa isiyo na mikunjo. Mwanga wa chini wa jioni ndio unaotoa chembe zake. Nyeusi humeza mazingira yote: ukiitazama kwa makini unaona mpiga picha, rafiki zake, na muuza mihogo nyuma yao. Kichujio cha polaraiza, kinachozungushwa mbele ya lenzi, huondoa sehemu kubwa ya mng'ao huo, ila kazi ya kuwaomba watazamaji wasogee pembeni inabaki ya binadamu.

Jua likishazama kuna kipindi kifupi ambapo mwangaza wa anga na ule wa taa za gari hulingana. Kabla yake taa hazionekani. Baada yake zinaunguza picha. Hapo hutolewa amri ya kuwasha taa ndogo pekee. Kamera hupandishwa kwenye miguu mitatu, shata huachwa wazi sekunde kadhaa, na taa za magari yanayopita barabarani huchora mistari myekundu nyuma ya mengine yaliyotulia.

Namba za magari hufutwa baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu kuzifunika barabarani ni kosa. Sababu inayotajwa ni usalama: picha ikisambaa, hakuna ulazima kila mtu ajue gari la nani lilikuwa wapi. Ipo nyingine isiyotajwa. Dar es Salaam mtu husoma herufi za namba kabla ya kusoma jina la gari, na mwenye namba B aliyepiga rangi, akabadilisha bampa na taa, hapendi herufi moja imwambie kila mtu gari lina miaka mingapi mjini. Picha humsaidia. Humsaidia pia mwenye IST, ambaye mchana kutwa amebeba abiria wa simu, na jioni hii gari lake limepigwa kutoka chini, kwa lenzi pana, likajaza fremu nzima kama Crown ya jirani.

Baada ya hapo ni mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili, na mishkaki kwa mwenye nazo. Gharama ya jioni ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Tegeta hadi Coco na kurudi hakufiki kilomita 50, na hata V6 ya Mark X, ambayo mjini haisifiki kwa kubana mafuta, haiwezi kummaliza mtu kwa safari hiyo. Pesa ilikwishaliwa zamani na rimu.

Majirani wa barabara

Barabara inayopendeza zaidi kwa safari hii ndiyo pia inayodai adabu zaidi. Kutoka Coco unapanda Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita moja na ushee juu ya maji, lililofunguliwa mwaka 2022. Juu yake hakuna kusimama wala kushuka kupiga picha. Ukishuka upande wa pili uko jirani na Hospitali ya Aga Khan. Mbele yako ni Barabara ya Barack Obama, iliyokuwa Ocean Road, na kando yake kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Endelea, unafika Ikulu, ambako kamera inabaki kwenye begi na gari halipunguzi mwendo kuangalia kitu.

Sasa fikiria Subaru 20 za tabo zikipita hapo saa moja usiku. Muungurumo wa Subaru za zamani unatokana na mabomba ya egzosti yanayotoka kwenye injini yakiwa na urefu usiolingana, hivyo moshi wa silinda unawahi upande mmoja na kuchelewa mwingine. Wapenzi wake wanautambua wakiwa chumbani, mlango umefungwa. Mwenye nao akifungua egzosti ili usikike zaidi, wodini kuna mtu aliyemaliza tiba ya mionzi mchana huo ambaye hakuomba kuusikia. Klabu nyingine zimeamua misafara yao isipite kabisa njia hiyo usiku. Nyingine hupita kwa gia ya juu, mizunguko ya chini, bila honi. Daikoku inafungwa kwa sababu hizohizo, na Coco, ambayo ni ya familia zinazokuja kupunga upepo, haina sababu ya kuwavumilia wenye magari kuliko Wajapani wanavyowavumilia wa kwao.

Mtu anayetaka kujiunga na klabu hupewa ushauri mwingi kuhusu gari la kununua, saizi ya rimu na fundi wa springi. Uko ushauri mwingine usiogharimu kitu. Usipande gari la kiongozi. Huko kila kitu kinakwenda vizuri. Omba lifti kwenye gari la mwisho, na kutoka Tegeta hadi mjini utazame mshale wa spidi. Ukikaa kwenye 50, umepata klabu. Ukikuta unacheza kwenye 80 huku redio koli ikitangaza 50, shukuru kwa lifti, shuka Mwenge, panda daladala urudi nyumbani.